Bwana Umetuma

Naanza na mwisho, ili asiwepo wa kunihurumia kabla hajajua. Kile kitabu cha hisabati kilikuwa cha mke wa mteja wangu. Alikifundishia miaka ishirini na saba, na pembezoni mwa kurasa zake aliandika kwa penseli kila alichojifunza kuhusu kufundisha. Kisha kiharusi kikampata, maneno yakamwishia. Hospitali walimwambia mume kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye tumaini, na kwamba vitu alivyoviandika kwa mkono wake mwenyewe huenda vikamvuta arudi. Mume akakitafuta kitabu, akakikuta kwangu, akakinunua, akaniomba nikitume upesi. Nikakikalia siku tatu kwa makusudi, na ndani ya siku hizo nikafuta kila neno.

Wakati ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba kuna mteja asiye na subira.

Kazi yangu ni kuuza vitabu vya shule vilivyotumika, kwenye soko la mtandaoni. Zamani nilikuwa mtunza bohari wa kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipofungwa nilibaki na mazoea mawili, kupanga vitu na kuandika kila kinachoingia na kutoka. Dada yangu ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele, mimi niko chumba cha nyuma na katoni zangu. Vitabu nanunua kwa wale wanaokusanya makaratasi, na kwa shule zinazobadilisha mtaala na kutaka kabati zao ziwe tupu.

Kusafisha kitabu hakuna aliyenifundisha. Nimeharibu vingi mpaka nikajua. Kwanza napangusa vumbi kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Selotepu naibandua kwa joto la pasi, taratibu, isije ikaondoka na karatasi. Kisha penseli: nina vifutio vya aina tatu, kigumu, laini, na kile cha kukanda kama donge la unga. Kurasa zilizojikunja nazipiga pasi juu ya kitambaa, na dada hulalamika kwamba pasi yake inanuka vitabu. Mwisho nakiweka kitabu kati ya mbao mbili, chini ya jeki ya gari niliyoifunga kwenye fremu ya chuma, nazungusha mpaka jeki igome, nakiacha mchana na usiku. Kinatoka kimenyooka. Mtoto anayekifungua anakuta maswali yakiwa maswali, si majibu ya mtu mwingine. Hilo lilikuwa fahari yangu, na sikuona ubaya wake.

Kwenye ukurasa wangu nimeandika: vitabu vyote husafishwa, vifurushi hutoka Jumanne na Ijumaa. Ofisi ya vifurushi iko kituo kikuu cha mabasi, mbali na kwetu, na kwenda mara mbili kwa wiki kunatosha. Maneno hayo hayasomwi. Watu husoma bei, wakishalipa wanaanza kuuliza.

Siwalaumu sana. Wauzaji wakubwa wana pikipiki. Unaagiza asubuhi, jioni kitu kiko mlangoni. Watu wakazoea hivyo. Kuna mama aliyenunua kwangu kitabu cha biolojia siku mbili kabla ya mtihani wa mwanawe, akataka nimpe namba ya dereva wa basi. Kuna kijana wa chuo aliyelipa, na kabla hata sijaona kwamba amelipa akauliza mbona hakijafika, kana kwamba kitabu hupenya kwenye simu. Mwingine alinitaka nipige picha basi likiondoka. Wote hawa wana nyota mkononi. Wakikupa moja, na chini yake wakaandika "kimechelewa", soko linakusukuma nyuma huko ambako hakuna mteja anayefika.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu nililolihifadhi kwenye simu, nikibonyeza herufi moja linatoka lote: Subira yavuta heri. Kifurushi chako kitatoka siku iliyopangwa.

Na nilikuwa na kanuni ambayo sikumwambia mtu. Mteja akiniuliza mara tatu kwa siku moja, kifurushi chake nilikitoa kwenye mfuko wa safari inayofuata nikakirudisha chini kabisa ya rundo. Sikumjibu vibaya, wala sauti sikuipandisha. Mimi si mtu wa kupandisha sauti. Alisubiri safari nyingine, basi, na hakujua kwa nini.

Yule bwana alinunua kitabu Jumamosi asubuhi. Hisabati, kidato cha tatu, toleo la zamani, kava lina mkunjo. Kwa kuwa nina desturi ya kuonyesha kila kasoro, nisije nikaambiwa nimeficha, nilikuwa nimepiga picha ya ukurasa mmoja na kuandika chini yake: maandishi mengi ya penseli.

Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa neno moja, "Kipo?" Nikajibu kipo. Akalipa. Kabla ya saa sita mchana akaandika, "Umetuma?" Saa nane, "Umetuma?" Jioni tena. Jumapili vilevile, tangu watu wanapiga mswaki. Hakuwa na salamu wala tafadhali. Dada alikuwa akisikia simu inavyolia kule nyuma huku anashona, akauliza ni nani huyo anayenipenda hivyo. Nikamsomea.

"Huyo akipika maharage anayala mabichi," alisema. "Bwana Umetuma. Mama yake alimbeba miezi mitano, akaomba kushuka."

Tukacheka. Tangu hapo simu ikilia dada anasema kutoka chumba cha mbele, Bwana Umetuma anakusalimu.

Hata hivyo, kitabu chake nilikuwa nimekiweka kwenye mfuko wa Jumanne. Nilikipitia Jumatatu asubuhi nikaona penseli imejaa karibu kila ukurasa, kazi ya siku mbili nzima. Nikafikiri, picha ameiona, maandishi ameyakubali, ana haraka. Kiende kama kilivyo. Nikakifunga kwa karatasi ya kaki, nikaandika jina la kituo anachopokelea, nikakitia mfukoni pamoja na vingine sita.

Mchana zikaja tatu mfululizo. "Umetuma?" Kisha, "Tuma hivyo hivyo kilivyo. Usikihangaikie." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimemrudishia lile jibu langu la subira, akaandika, "Wewe ni mtu wa aina gani?"

Hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Nilikaa nalo kama nusu saa nikipanga katoni zangu. Halafu nikaenda kwenye mfuko, nikakitoa kitabu chake, nikakipeleka chini ya rundo. Dada alikuwa mlangoni amekuja kuchukua pasi. Aliniangalia, akaichukua pasi akarudi mbele.

Jumanne mabasi yakaondoka na vifurushi sita.

Jumatano nilikuwa na nafasi, na kitabu kilikuwa pale kikisubiri Ijumaa. Nikakifungua ile karatasi ya kaki. Nitasema nilivyowaza, bila kupunguza. Niliwaza nitakisafisha kuliko kitabu chochote nilichowahi kusafisha, akipokee, aone aibu. Aone kwamba mtu wa aina yangu ni wa aina gani.

Nilifuta Jumatano yote na nusu ya Alhamisi. Ukifuta maandishi huwezi kuacha kuyasoma, jicho linatangulia kifutio. Mwandiko ulikuwa mdogo, umelala kidogo upande wa kulia, herufi zake zimefungwa vizuri. Hayakuwa majibu ya mwanafunzi, hilo nililiona mapema. "Hapa watakosea. Subiri wakosee kwanza." Huo ndio ukurasa niliokuwa nimeupiga picha. Kwingine, "Anza na machungwa, si herufi." Kwingine, "Usimwite ubaoni yule mwenye kigugumizi. Mfuate dawatini." "Leo nimewapoteza wote, kosa langu." "Yule wa dirishani ameelewa? Uliza tena kesho." Palikuwa na mistari ya miaka tofauti, mingine imefifia, mingine penseli yake bado inang'aa; mahali pengine alikuwa amejijibu mwenyewe baada ya muda, "Hapana, machungwa hayafai. Jaribu mikate."

Nilijua kwamba huyu alikuwa mwalimu, na mwalimu mzuri. Nilisimama mara moja, nakumbuka, kwenye lile la mwenye kigugumizi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nacho shuleni. Kisha nikapuliza unga wa kifutio nikaendelea. Kazi ni kazi. Alhamisi nikapiga kurasa pasi, nikakitia kati ya mbao, nikazungusha jeki. Ijumaa kikaondoka. Nikamwandikia: Nimetuma. Hakujibu.

Jumapili asubuhi simu ikalia, ya kupigiwa, si ujumbe. Sauti ya mzee. Alijitaja kuwa ndiye aliyenunua kitabu cha hisabati. Nilijiweka tayari kutukanwa, lakini hakutukana. Aliuliza kwa utaratibu kama kuna kosa limetokea, kama huenda nilikuwa na vitabu viwili vinavyofanana na nimemtumia kingine, kwa sababu hiki hakijaandikwa kitu.

Nikamwambia hakuna makosa, ni kile kile, nimekisafisha. Hata sasa nasikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa na majivuno kidogo.

Nyuma yake nilisikia kijiko kikigonga bakuli, na msichana akimbembeleza mtu ale.

"Yote?" akauliza.

"Yote, mzee."

Ndipo akanieleza. Alieleza polepole, kama mtu anayesoma orodha. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, mkewe mwalimu. Mkewe alipatwa na kiharusi miezi miwili na nusu iliyopita, maneno yakamwishia. Walipoambiwa hospitali watafute mwandiko wake, walipekua nyumba nzima wakapata orodha moja ya mahitaji ya dukani. "Tumeishi nyumba moja miaka thelathini na nane," alisema. "Tungeandikiana nini?" Maandishi yake yote yalikuwa kwenye kitabu, na kitabu kilikuwa kwenye kabati la shule. Alipokwenda shuleni akaambiwa vya zamani vimeuzwa kwa kilo. Ni binti wa jirani aliyekaa siku nyingi akitafuta kwenye simu mpaka akaiona picha yangu. Mzee akaujua mwandiko kabla binti hajamaliza kuikuza.

"Nikampelekea picha kitandani," alisema. "Akaitazama. Akasema, subiri wakosee. Maneno mawili, bwana. Nimesikia kwa masikio yangu. Kwa ukurasa mmoja. Ndipo nikawa nakuuliza kila saa, umetuma, umetuma. Kila siku namwambia kinakuja kesho."

Nikamuuliza kwa nini hakunieleza tangu mwanzo. Lilikuwa swali la kujitetea na alilijua.

"Mwenye shida hatangazi shida yake sokoni," alisema. "Ukijua nakitaka hivyo, umenishika. Ningejuaje wewe ni mtu wa aina gani?" Halafu akaongeza, bila kukaza sauti, "Uliniandikia subira yavuta heri. Nimesubiri."

Akakata simu.

Dada alikuwa amesimamisha cherehani; kuta za nyumba yetu ni nyembamba na simu yangu inasikika. Nilikwenda mbele nikamweleza hata hivyo, tangu mwanzo, na nilipofika mahali pa kusema kwamba nisingeweza kujua, akaweka mkasi chini.

"Kilikuwa kwenye mfuko, kaka," alisema. "Jumatatu. Mimi nilikiona unakitoa."

Akarudi kwenye kazi yake. Lile jina la Bwana Umetuma halijatajwa tena nyumbani kwetu.

Nilimpigia mzee siku iliyofuata, nikamwambia penseli ikikandamizwa huacha mfereji kwenye karatasi, na kwamba mwanga wa ubavuni unaweza kuuonyesha. Nikamwomba anirudishie kitabu nijaribu. Akauliza kama nitakikalisha mpaka Ijumaa. Nikasema hapana. Akasema hataki tena mambo ya vifurushi, atakuja nacho mwenyewe.

Alifika Jumatano kabla ya adhuhuri, amekipakata kitabu ndani ya taulo. Mtu mfupi, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Dada alimkaribisha kiti na maji, akamwita baba, akamuuliza hali ya mama. Akajibu anakula. Maji akanywa, kiti akakataa, akaja chumba cha nyuma akasimama akitazama vitu vyangu: brashi, vifutio vitatu, mbao, jeki. Aliishika fremu ya chuma akaukagua uchomeleaji wake.

"Nani kakuchomelea hii?"

Nikasema mimi mwenyewe, nilijifundisha. Akatikisa kichwa kidogo, si kwa dharau.

Tukakaa dirishani. Niliuinua kila ukurasa ukaelekea mwanga, nikauinamisha huku na huku, nikatumia kioo cha kukuza. Yeye aliangalia juu ya bega langu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Sehemu chache paliinuka kivuli cha mstari, lakini hakikuwa herufi. Nilijua sababu na nikamwambia, kwa kuwa nisingeweza kumficha: pasi ilikuwa imelainisha mifereji, na jeki ikaimaliza. Nilikuwa nimekaza jeki ile kuliko siku zote.

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ukurasa, tukiwa tumeshafika katikati.

"Kazi yako nzuri," alisema. "Nimechomelea miaka arobaini, kazi nzuri naijua. Hapa hujaacha kitu."

Tusi lolote ningelibeba vizuri kuliko hilo.

Akaniuliza kama kuna ninayoyakumbuka. Nikachukua karatasi nikaandika. Nilikumbuka kumi na moja. Alitaka kujua kila moja lilikuwa ukurasa gani, na hapo mimi, ninayeandika kwenye daftari uzito wa kila kitabu na siku kilipoingia, sikuweza kumwambia hata moja zaidi ya lile la picha. Akaisoma karatasi mpaka mwisho. Kwenye "Leo nimewapoteza wote" alisema, ndiyo, alikuwa akirudi nyumbani siku nyingine hivyo, hata chakula hali. Akaikunja akaitia mfukoni.

"Maneno ni yake," alisema. "Mwandiko ni wako. Huu hataujua."

Tuliendelea kwa sababu kurasa zilikuwa hazijaisha. Karibu na mwisho wa kitabu, kwenye sura ya takwimu, nilikipanua kwa nguvu mpaka gundi ya mgongo ikalia, na ndani kabisa, kwenye bonde kati ya kurasa mbili ambako kifutio hakikufika, palikuwa na neno. Lilikuwa limebaki kutoka kwenye sentensi ambayo mwanzo wake niliufuta. "Dirishani." Mwandiko mdogo, umelala kulia.

Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Alitoa kipande cha uzi kwenye taulo lake, akakiweka pale kiwe alama, akafunga kitabu taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nilimsindikiza mpaka kituo kikuu. Tulipopita mbele ya ofisi ya vifurushi alisimama, akawatazama wapagazi wakipakia katoni juu ya basi la kwao.

"Basi hili huondoka siku gani?" akauliza.

Ningeweza kusema sijui.

"Kila siku," nikasema. "Asubuhi na mchana."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda, akakaa na kitabu magotini.

Nimefuta lile jibu la subira kwenye simu. Siku za vifurushi sijazibadilisha. Kituo bado kiko mbali, na wateja bado wanauliza. Rundo halina tena sehemu ya chini, nafunga kwa mpangilio wa kuingia. Penseli nikiikuta nampigia picha mteja kwanza, kila ukurasa, namuuliza nifute au niache. Wengi wanakasirika kwamba nawachelewesha. Wiki iliyopita mmoja alinipa nyota moja.

Mzee nilimwandikia Alhamisi kuuliza kama alifika salama. Ijumaa nikamuuliza kama amemwonyesha. Jana nilimwandikia asubuhi, "Amelisoma?" Mchana nikaandika tena hivyo hivyo. Jioni, dada akiwa anafunga cherehani yake, simu ilikuwa mkononi mwangu nikaona nimeshaliandika neno lile lile kwa mara ya tatu, nikalituma.

Hajajibu.